Mshahara wa Baharia Ugawanye kwa 12

Walio nyumbani wakisikia mshahara wa baharia wa meli za masafa marefu, huulinganisha na wa mwenzake aliye kwenye tagi ya bandarini, ile boti ya kuvuta meli, mwezi kwa mwezi. Hesabu hiyo haikai sawa. Wa tagi hulipwa miezi 12. Sisi wengi wa ng'ambo tunalipwa kwa mkataba: miezi 9 baharini, kisha mtu anakaa bila mshahara mpaka wakala wa ajira amwite tena. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unatoa likizo ya malipo siku 2.5 kwa kila mwezi wa kazi, yaani siku 22 na nusu kwa miezi 9. Zinazobaki unajilisha mwenyewe. Toa na gharama za kozi za usalama, zinazorudiwa kila miaka 5, halafu gawanya kwa 12. Mara nyingi ng'ambo bado itakuwa juu, ila si kwa pengo linalosimuliwa vijiweni.

Hata hivyo, kinachowachosha watu na kazi hii ni usingizi kuliko pesa. Kanuni inataka mapumziko ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Tena zile 10 zisikatwe zaidi ya vipande viwili, na kimoja kisipungue saa 6. Sasa mtazame mtu wa zamu ya saa 10 hadi saa 2. Anashuka saa 2 usiku. Saa 4 meli inaingia gatini, yuko kwenye kamba za kuifunga mpaka saa 7. Saa 10 alfajiri zamu tena, hadi saa 2 asubuhi. Bosuni, msimamizi wa kazi za sitaha, akimwita kupiga rangi saa 4 mpaka saa 6 mchana, hadi zamu ya jioni atakuwa amepumzika jumla ya saa 11, na kwa haraka utasema kanuni imetimia. Lakini ni vipande vinne: 2, 3, 2 na 4. Hakuna kilichofika 6. Fomu ya mapumziko itasema vingine, maana mara nyingi hujazwa kwa mkupuo na watu wakatia saini tu. Mkaguzi mjuzi huiweka kando ya logi ya daraja, yaani daftari la matukio la chumba cha kuongozea meli, na kuangalia rubani wa bandari, anayeiingiza meli, alipanda saa ngapi.

Kwenye tagi, zamu ikiisha unatoka getini. Huku geti hakuna.

Kabla ya kusaini, uliza zamu ni saa 4 kwa 8 (kazi saa 4, kisha nje ya zamu saa 8) au 6 kwa 6. Ya 6 kwa 6 imeshakula saa 12 za siku, na kila bandari inaongeza juu yake. Soma pia pale palipoandikwa "miezi 9, zaidi au pungufu 1": anayeamua huo mmoja kwa kawaida ni kampuni. Wakala akidai ada ya kukutafutia kazi, ondoka; unachopaswa kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti.

Ukipanda, tafuta ubaoni cheti cha dhamana ya kifedha. Miezi 2 bila mshahara huhesabika kuwa umetelekezwa, na dhamana hiyo hulipia nauli ya kurudi na malimbikizo yasiyozidi miezi 4. Kama hakijabandikwa, muulize nahodha kabla meli haijang'oa nanga.