"Sawa, mzee"

Saa tisa usiku, juu ya kambi ya Barafu kwenye Mlima Kilimanjaro, nilikuwa natembea nyuma ya mgeni mmoja nikimulika buti zake. Usiku wa kwenda kileleni, kazi kubwa ya mwongozaji msaidizi ni kuangalia miguu. Uso umefunikwa, mdomo umefunikwa, na ukimuuliza mtu hali yake atakwambia yuko sawa. Miguu haidanganyi. Buti za yule mgeni zilianza kugombana. La kulia linakanyaga mbele ya la kushoto, linateleza kwenye changarawe, mwenyewe anayumba kama mtu anayetoka kilabuni, anajishikiza na fimbo, anaendelea. Nilihesabu. Katika hatua kumi aliyumba mara nne. Nikamuuliza jina la mke wake, jina ambalo tangu tulipoanza safari Machame alikuwa akilitaja kila jioni mezani. Akaniangalia kama nimemuuliza hesabu ngumu, akanyamaza.

Nilijua ni nini. Tulifundishwa, na nilikuwa nimeshaona mara mbili. Hewa ikiwa nyembamba mno, ubongo huanza kuvimba, na unaonekana kwa mwendo wa kilevi na akili inayopotea. Dawa yake ni kushuka, na kushuka upesi. Oksijeni ya chupa na sindano humsaidia mtu wakati anashushwa, hazimpi ruhusa ya kuendelea kupanda.

Nikawapita wengine hadi mbele kwa mwongozaji mkuu. Sote tulimwita Meku, kwa heshima, maana nusu ya vijana wa msafara ule ni yeye aliyewafundisha kazi, mimi nikiwemo. Nikamwambia, "Meku, yule wa nyuma anachoka sana."

Anachoka. Ndilo neno nililochagua. Sikusema anayumba, sikusema amesahau jina la mkewe. Meku hakugeuka. "Wote wanachoka. Stella hapo tu, tumalizie." Nami nikasema, "Sawa, mzee," nikarudi nyuma kumulika buti.

Alianguka kabla hatujafika Stella, pale kwenye ukingo wa kreta chini ya kilele. Tulimshusha watu wanne, hawezi kusimama, anatapika, anatuita majina ya watu wa kwao. Alipona. Nalisema mapema kwa sababu sitaki mtu asome hadi chini akisubiri msiba. Kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyorudi, na jioni yake alikunywa supu mwenyewe. Lakini kati ya pale nilipoona na pale alipoanguka ilipita saa nzima na zaidi, na saa ile naihesabu kuwa yangu. Meku hakuwa ameiona miguu wala hakusikia lile jina likikosekana. Mimi niliona nikamficha, kwa adabu.

Imepita miaka kumi na moja. Siku hizi mimi ndiye ninayetangulia mbele, na nikiwa nyumbani Moshi naisikia "sawa, mzee" ile ile kila mahali. Vikao vya harusi, jumuiya, vikundi vya kukopeshana, kila mahali. Mfano mmoja unatosha. Mwaka jana nilihudhuria kikao cha wazazi katika shule anayosoma mwanangu. Mwenyekiti akasoma hesabu ya mchango wa madawati: wazazi 240, kila mmoja Sh 25,000, zimepatikana Sh 4,500,000. Niliona watu wakitoa simu mifukoni na kupiga hesabu chini ya meza. Mama aliyekaa pembeni yangu alinionyesha skrini yake: 6,000,000. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Akauliza tena. Mzee mmoja akasema tunashukuru kamati kwa kazi nzuri, tukapiga makofi.

Maswali yakaanza getini. Pale kila mtu alikuwa mhasibu. Ilipofika jioni mwenyekiti ameshaitwa mwizi, na kwa wiki mbili aliitwa mwizi kwenye kila kibaraza cha mtaa wetu. Mwishowe ikajulikana kwamba wazazi 60 walikuwa hawajalipa. Basi. 60 mara 25,000 ni milioni moja na nusu, hesabu inakaa sawa. Jibu lilikuwepo mle ukumbini, la sentensi moja, likisubiri mtu wa kuuliza. Tulimnyima mwenyekiti nafasi ya kujieleza, halafu tukamhukumu kwa kutokujieleza, na kabla ya hapo tulijiona watu wenye heshima kwa sababu tulinyamaza. Mimi hiyo siiiti heshima. Ningekuwa yeye, ningechagua swali la uso kwa uso mara mia kuliko makofi yale.

Wahenga wetu walilijua hili pande zote mbili, ila tumechagua upande mmoja tukaufanya sheria. Mtoto anakua na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu," anakua na "hewala haigombi," na ni kweli, hewala haigombi, lakini pia haimwambii mtu kwamba mbele kuna shimo. Mbona hatuwafundishi kwa nguvu hiyo hiyo kwamba mkubwa ni jalala? Jalala halichagui. Linapokea maganda, linapokea majivu, linapokea swali la kijana asiyejua kupanga maneno. Mkubwa anayekasirika akiletewa taka za watu wake ameupenda ukubwa bila kazi yake.

Shuleni tunaanza mapema zaidi. Mwalimu anamaliza somo, anauliza "Mmeelewa?", na darasa zima linaitikia "Ndiyo mwalimu!" kwa sauti moja, wakiwemo wale ambao hawajashika hata neno. Aliyejaribu kusema hapana anakumbuka alivyochekwa. Na hili linauma zaidi ukikumbuka tunaishi wapi. Mwaka 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na miongoni mwa mambo aliyotaka shule zimjengee mtoto ni akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine kisha kuchukua au kukataa kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kwamba ni mtu huru aliye sawa na wenzake. Wengi wetu tumekariri tarehe ya Azimio. Hilo la kudadisi tumeliacha pale pale kwenye karatasi.

Aliyenifanya nielewe kosa la neno "anachoka" ni mgeni, rubani mstaafu niliyempandisha miaka michache baadaye. Tulikuwa tumejibanza na mvua ya barafu pale Lava Tower, tukila mchana, nikamsimulia kisa changu. Alikaa kimya, kisha akanisimulia cha watu wa kazi yake. Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ukungu mzito. Kulikuwa na Boeing 747 mbili kwenye njia moja ya kurukia: ya KLM imejipanga kuruka, ya Pan Am bado inatembea mbele yake, na ukungu umezificha zisionane. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi wa marubani wenzake, mtu mkubwa katika shirika, hata picha yake ilitumika kwenye matangazo. Alipoanza kuikimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka, mhandisi aliyekuwa naye chumbani aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko ile.

Yule mgeni wangu rubani aliniambia nimfikirie mhandisi. Nimemfikiria kwa miaka sasa. Alikuwa na wasiwasi, akasema. Hakuwa mwoga. Lakini alilisema kwa njia ya swali laini, kwa mtu aliyemzidi, na mkubwa alipojibu kwa uhakika, mdogo akaona zamu yake imekwisha. Ndivyo nilivyofanya mimi: nilitoa taarifa iliyovikwa blanketi, ikagonga mgongo wa mzee, ikaanguka. Baada ya ajali ile na nyingine za aina yake, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha watu wao upya. Mdogo anafundishwa kutaja alichokiona kwa jina lake na kurudia asiposikika, na mkubwa anafundishwa kusikiliza. Wanalifanyia mazoezi kama wanavyofanya mazoezi ya kutua. Mimi nilikuwa nadhani ujasiri wa kusema mtu huzaliwa nao.

Najua wenzangu wa mlimani wataniambia nini, maana nimeambiwa usoni: mlima hauna kura. Ni kweli kabisa, na nalitetea hilo. Nikisema shuka, unashuka, hatukai kikao kwenye mita 5,500 mikono imekufa ganzi. Pia nimewapandisha watu wanaokataa kila kitu kwa jina la kujifikiria wenyewe, hawataki kupimwa oksijeni kidoleni, hawataki kunywa maji, wanasema mwili wangu naujua mimi. Kukataa kila kitu hakuhitaji akili yoyote zaidi ya kukubali kila kitu. Ninachodai ni kwamba amri ya mkubwa iwe na kitu ndani yake, na kitu hicho kinatoka kwa macho ya walio chini. Mwongozaji mkuu anatembea mbele. Hawezi kuona miguu ya wa mwisho. Ukiona na usiseme, unamfanya aamue gizani, halafu unaita utii. Ukisema, tena kwa neno lililo wazi, naye akaamua, wajibu ni wake. Na pale ambapo umesema wazi, amekataa, na uhai wa mtu unaondoka mbele ya macho yako? Hapo mimi nasema usimtii. Mgeuze mgeni ushuke naye. Utafukuzwa kazi, inawezekana kabisa, na sitamdanganya kijana yeyote kwamba hilo ni jambo dogo Moshi hii, msimu ukiwa mfupi na ada ya watoto ikisubiri.

Na Meku? Kwa muda mrefu nilimkasirikia, mpaka nilipokalia nafasi yake. Simu inapigwa kutoka ofisini kabla hamjalala Barafu: wangapi wanafika? Kampuni inauza safari kwa idadi ya waliofika kileleni, na bahasha ya tipu hunenepa au hukonda kwa kilele hicho hicho. Meku usiku ule alikuwa na mzee wake naye, aliye mjini kwenye kiti, na alishamwambia "sawa." Kila mmoja wetu kwenye ule mstari alikuwa anamwitikia aliye juu yake, na wa chini kabisa alikuwa mgonjwa.

Wapo wanaosema tabia hii ya kuhoji tumeletewa, kwamba sisi watu wa kaskazini tulilelewa kunyenyekea wakubwa. Mimi nikisikia hivyo huangalia mlima wa pili, Meru, ule wa Arusha. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo lipewe walowezi, nyumba zikachomwa moto. Serikali ilikuwa na kila kitu cha kumfanya mtu wa kawaida aseme wakubwa wameshaamua: tume iliyoongozwa na jaji, ramani, askari, ahadi ya fidia na ardhi nyingine. Wameru waliikataa fidia. Wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, ambaye hakuwa mangi, yaani chifu, akaenda New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi zake Moshi. Kwenye Baraza Kuu hawakupata theluthi mbili za kura. Ardhi hawakurudishiwa siku ile. Lakini serikali iliyozoea kuambiwa "ndiyo bwana" ililazimika kujieleza mbele ya dunia, kwa sababu ya shilingi za wakulima wa kahawa. Wale walikuwa wazee wetu. Walikuwa na adabu zote tunazozisifu leo.

Nilipoanza kuongoza nilibadilisha jambo moja. Jioni ya Barafu, kabla ya kulala, tunakaa wote kwenye hema la mpishi, na anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote. Mimi nasema mwisho. Nikianza mimi, wote wataimba wimbo wangu, nimejaribu nikaona. Miezi ya mwanzo walikuwa wananiangalia tu. Mgumu, ndivyo tunavyomwita mpagazi, aliyebeba kilo ishirini siku nne nzima haamini kwamba unataka maoni yake.

Januari iliyopita nilikuwa na wageni wawili, mume na mke. Nilishaamua wote wanapanda, namba za kidoleni hazikuwa mbaya. Kijana wa mezani, msimu wake wa kwanza, akawa wa kwanza kusema. Alianza na samahani, akasita, nikamwambia aendelee. "Mzee, sahani ya yule mama inarudi kama ilivyokwenda, leo siku ya pili. Na sasa hivi amemwaga chai, kikombe alikuwa anakiona lakini mkono unakwenda pembeni."

Nikatoka na taa. Nikamwomba yule mama atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kwenye vidole, hatua kumi pale mbele ya hema. Hatua ya tatu alinishika bega.

Walishuka wote wawili usiku ule. Mama alilia kwa hasira, alisema ameiwekea safari hii akiba miaka sita na sisi tumemwibia. Kesho yake kichwa kilikuwa kimepoa, lakini hasira bado. Getini Mweka bahasha ilikuwa nyepesi, na wenzake walipoiona wakamgeukia yule kijana wa mezani, bila kusema neno. Nikaifungua mbele yao wote, nikaanza kugawa kwake.