Mawe Hai ya Tangi la Maji Chumvi: Kuyasugua au Kuyaacha?

Kila anayefuga samaki wa maji chumvi huifikia siku ya kusimama mbele ya tangi akiwa na brashi mkononi. Mawe aliyoyapanga kwa uangalifu yameota mwani kama manyoya ya kijani, na kwenye mianya yake kumetuama uchafu wa kahawia. Wapo watakaomwambia ayatoe yote ayasugue. Wapo watakaomwonya asiyaguse kabisa, kwa kuwa jiwe hai hujisafisha lenyewe. Pande zote mbili zina hoja, lakini uzito wa hoja zao haulingani.

Jiwe hai ni kiunzi cha matumbawe yaliyokufa, yaani kalsiamu kaboneti iliyojaa vitundu. Uhai wake ni wa wapangaji. Kwenye uso wa jiwe, penye oksijeni, wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi na mabaki ya chakula kuwa nitriti, na wenzao wanaogeuza nitriti kuwa nitrati. Ndani zaidi, oksijeni inakoadimika, wamo wanaoivunja nitrati hadi ikawa gesi ya naitrojeni na kutoka majini. Pamoja nao kuna mwani wa chokaa wenye rangi ya zambarau, sponji, minyoo, na wadudu wa maji wadogo kuliko punje ya mchele. Ule utaratibu wa ufugaji unaojulikana kwa jina la Berlin unategemea hao: mawe hai ya kutosha, maji yanayozunguka kwa nguvu, na mashine inayotoa uchafu majini kwa kutumia povu.

Kwa hiyo mtu anayesema "usiguse" anatetea mtambo mzima wa kusafisha maji. Hofu yake kubwa ni amonia. Maji ya bahari huwa na pH ya 8.1 hadi 8.4, na katika kiwango hicho sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko ilivyo kwenye maji yasiyo na chumvi yenye pH ya 7. Ukiwaua bakteria kwa siku moja, samaki ndio watakaoumia.

Hata hivyo, hofu hiyo imetiwa chumvi. Bakteria hawa wameng'ang'ania jiwe kwa utando wao na wamejificha ndani ya vitundu ambavyo brashi haifiki. Jiwe likisuguliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, wengi wao hubaki. Kinachowaangamiza ni maji ya bomba yenye klorini, au jiwe kuachwa likauke. Hasara halisi ya kusugua ni nyingine, na haitajwi sana: mwani wa chokaa unaokwanguka baada ya kukua miezi mingi, sponji zinazochanika, na mashapo yanayotibuka na kusambaa tangi zima.

Upande wa pili nao una jambo zito. Kule baharini mawimbi huupiga mwamba usiku na mchana, wala uchafu haupati nafasi ya kutulia. Ndani ya kioo hakuna mawimbi hayo. Mashapo huziba vitundu, maji hayaingii tena, na ule mtambo tunaousifu hubaki kazini nusu nusu huku uchafu ukioza na kulisha mwani. Isitoshe, kalsiamu kaboneti huishika fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani. Maji yakiwa na fosfeti nyingi jiwe huinywa, na yakitakata huirudisha kidogo kidogo. Ndiyo maana mtu hubadilisha maji wiki baada ya wiki na mwani haumwishii. Kumwambia huyo kwamba jiwe hujisafisha ni kumwacha na tatizo lake.

Mimi nasimama hapa: jiwe lisafishwe mara kwa mara bila kutolewa mahali pake. Chukua bomba la plastiki lenye kichwa cha mpira wa kufinya, pulizia maji kwenye mianya, kisha nyonya mashapo kwa mpira wa kutolea maji wakati ule ule unapopunguza maji. Dakika 10 kila wiki zinatosha kwa tangi la kawaida. Elekeza pampu ili nyuma ya mawe pasiwe na maji yaliyolala, na konokono walao mwani wafanye yaliyobaki. Jiwe likizidiwa, litoe hilo moja, ling'oe mwani kwa mkono, lisugue ndani ya ndoo, lirudishe, kisha subiri wiki mbili kabla ya kugusa jingine. Na upunguze chakula, maana mwani huo unakula kitu unachokitia wewe.

Kuna adui mmoja ambaye brashi humsaidia. Aiptasia, anemoni (mnyama wa baharini mwenye umbo kama la ua) mdogo mwenye rangi ya kahawia, huweza kuota upya kutoka kwenye kipande kidogo cha mwili wake. Ukimkwangua unampanda. Konokono-uchi wa jamii ya Berghia, ambaye chakula chake ni Aiptasia, anafaa kuliko mkono wowote.

Asidi na dawa ya klorini ni suala jingine. Yupo mwenye sababu ya kuzitumia, kwa mfano aliyepata mawe yaliyotoka kwenye tangi lililojaa wadudu waharibifu. Lakini ajue kwamba anachotoa kwenye ndoo ni jiwe lililokufa, na kwa kawaida atahitaji wiki 4 hadi 6 za kujenga upya bakteria kabla ya kuweka samaki. Viwili hivyo visichanganywe kamwe, kwa kuwa vikikutana hutoa gesi ya klorini.

Kuchemsha mawe ndiko ninakokupinga bila masharti. Baadhi ya matumbawe laini yanayoota juu ya mawe, hasa ya jamii ya Palythoa, yana sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana. Maji yakichemka, sumu hupanda na mvuke, na kuna familia zilizolazwa hospitali baada ya mtu mmoja kuchemsha mawe jikoni. Hata unapoyasugua tu, vaa glavu na miwani ya kukinga macho, usije ukarushiwa maji usoni.

Kabla ya kuamua jiwe lipi litoke, zima taa za tangi, subiri saa mbili, kisha mulika mawe kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Jiwe lililoonekana chafu mchana huenda likawa ndilo lenye minyoo inayochungulia kila tundu na wadudu wanaokimbia huku na huku wakila mabaki. Hilo lipulizie maji tu. Lile lisilo na kitu kinachotembea, lenye mashapo yaliyoshikamana kama tope, ndilo la kwanza kuingia kwenye ndoo.