Sahihi Yangu Imechoka

Hesabu nami harakati za kurekebisha Katiba. Okoa Kenya, nikatia sahihi. Punguza Mizigo, nikatia sahihi. BBI, ile ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, nikatia tena, nimesimama stejini, karatasi imewekwa mgongoni mwa abiria mwenzangu na matatu inapiga honi. Mara tatu nimeibadilisha Katiba ya Kenya, na mpaka leo haijasogea hata nukta!

Kipengele cha 257 kinampa mwananchi wa kawaida nafasi ya kuirekebisha. Alete tu sahihi za wapiga kura milioni moja waliosajiliwa. Milioni! Mimi mwaka jana nilikosa sahihi kumi na mbili za kumwambia mwenye ploti kwamba choo kimefurika, na choo ni chetu sote.

Okoa Kenya walipeleka zaidi ya milioni 1.6. Mwaka 2016 tume ya uchaguzi ikachuja, zilizobaki hazikufika 900,000. Nashuku yangu ilibaki kwenye chujio, maana haijawahi kufanana na dada yake. Juzi benki nilirudishiwa fomu mara mbili. "Mzee, hii hailingani." Hailingani vipi, binti yangu, na mkono ni huu huu? Halafu nikakumbuka kwamba wakati wa BBI tume yenyewe ilikiri haina hifadhi ya sahihi zetu ya kulinganisha. Kwa hiyo sahihi iliyoshindwa kunitolea shilingi elfu tatu, kwa Katiba inatosha kabisa.

Iliyoniuma ni Punguza Mizigo. Mwaka 2019 ilipita kwenye tume na sahihi zaidi ya milioni 1.2. Nikamwambia Mama Kevo akande unga wa chapati, wabunge wanashuka kutoka 416 hadi 147. Akaniuliza, "Nani atawashusha?" Nikamwona hana uzalendo. Kumbe baada ya sahihi kuna mabunge ya kaunti 47, na angalau 24 yakubali ndani ya miezi mitatu. Yakikubali, mswada unaenda Bungeni, kwa hao hao 416! Yaani unamwandikia fisi barua ya kumwomba apunguze nyama, kisha unakaa unangoja majibu. Nasi hata kwa fisi mkubwa hatukufika. Kaunti ziliutupa moja baada ya nyingine, chapati tukala kimya.

BBI nayo iliteleza kama sabuni. Kaunti zaidi ya 40 zikasema ndiyo. Miezi hiyo hiyo waheshimiwa wa kaunti waliidhinishiwa ruzuku ya magari, lakini mimi sisemi kitu. Bunge likapitisha, Seneti ikapitisha. Nikasema sasa! Machi 2022 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba njia hii ni ya wananchi, rais haruhusiwi kuianzisha. Sawa, nakubaliana nao. Lakini mwananchi akiianzisha inafia kaunti, mkubwa akiianzisha inafia mahakamani. Mimi kazi yangu ni kuleta kalamu.

Ndiyo maana leo asubuhi kijana alipobisha na karatasi, "Mzee, sahihi hapa," nilimfokea mpaka majirani wakachungulia. Nikamwuliza ni vuguvugu gani tena, na kaunti ngapi zimekubali.

"Ni ya kupokea mtungi wa gesi, mzee."

Nikatia. Mama Kevo akachungulia begani mwangu, akaguna. "Baba Kevo, hii nayo ni ya nani?"