Picha ya Huruma Hununua Kiti, Hainunui Njia

Bango la mchango Lamu au Malindi halina mageni: mtoto yuko sakafuni, kamera inamtazama kutoka juu, chini pameandikwa nambari ya M-Pesa. Wanaolipinga husema linadhalilisha, na Katiba ya Kenya ya 2010 iko upande wao: Ibara ya 54 inataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na atajwe kwa namna isiyomvunjia hadhi.

Wanaolitetea nao hawabahatishi. Deni la hospitali lina tarehe. Picha ikiingia kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi, kufika jioni fedha zimeanza kuingia. Mara nyingi familia yenyewe ndiyo iliyoichagua, na aliyeshiba hana haki ya kuwafundisha adabu.

Hitilafu kubwa, kwa maoni yetu, iko kwenye ununuzi. Picha ya mtu anayetambaa inamwonyesha mfadhili dawa moja tu: kiti cha magurudumu. Basi viti huja kwa jumla, saizi moja, vikakabidhiwa mbele ya kamera. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu utoaji wa viti hivyo una hatua nane, kuanzia rufaa na vipimo hadi mafunzo na ufuatiliaji. Sherehe ya makabidhiano haimo. Upana wa kiti hufuata nyonga za mkaaji. Kina chake ni urefu kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, ukipunguza sentimita 3 hadi 6. Asiyehisi chini ya kiuno akikalia turubai tupu bila mto unaofaa, hupata vidonda, na vidonda hivyo vikiingia uchafu vinaweza kuua.

Halafu kuna mji wenyewe. Vijigurudumu vyembamba vya mbele huzama mchangani, na chumvi ya bahari hula beringi. Ngazi ya sentimita 30 inahitaji mteremko wa mita 3.6, kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani kimo 1 kwa urefu 12. Vichochoro vingi vya Mji wa Kale havina nafasi hiyo mbele ya mlango. Gatini ni balaa zaidi: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka mita kadhaa, kwa hiyo kimo cha kuruka chomboni hubadilika kila saa. Abiria hubebwa mgongoni. Hakuna bango linalochangisha gati linaloelea, kwa sababu gati halilii.

Uingereza, mwaka 1992, watu wenye ulemavu waliandamana nje ya studio za runinga ya ITV jijini London kupinga Telethon, kipindi cha kuchangisha kwa huruma. Hakikurudi tena.

Hapa kwetu bango la dharura tungeliacha, ila liandikwe kiasi kinachodaiwa, tarehe ya mwisho, na kilichokwisha kupatikana. Uso usiwe lazima. La kifaa lionyeshe mtumiaji akipimwa na fundi, na bajeti itaje mto, tairi za akiba na ukarabati wa mwaka. Litakusanya polepole, hilo tusifichane.

Kwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi na maslahi ya mtoto yatangulie. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote. Picha iliyokwisha sambazwa kwenye simu 400, hata hivyo, hairudi, na mtoto huyo siku moja ataomba kazi katika mji huu huu mdogo.