Kamera ya waya inasingiziwa ushamba

Kwenye kikao cha ulinzi shirikishi cha mtaa wetu huku Goba juzi lilizuka bishano refu mpaka ajenda ya mchango wa taa za barabarani ikasahaulika. Kila nyumba sasa inataka kamera, na watu wamegawanyika, kuna wa waya na kuna wa waifai, ila wa waifai ndo wengi na ndo wenye sauti. Wanasema waya ni mambo ya kizamani, fundi anakutobolea ukuta, anakuchafulia rangi uliyoilipia juzi, anashinda kwako siku mbili, wakati kamera ya balbu unaifunga kwenye holda kama taa, unaiunganisha na simu, kesho uko Dodoma unaangalia geti lako. Mi nilinyamaza siku ile, ila nimeona niandike kwa sababu naona waya inahukumiwa kwa makosa ya mafundi.

Tuanze na hilo la "haina waya". Kisichopita kwenye waya ni picha tu, umeme bado inakula kama kawaida. Kamera ya balbu ipo kwenye swichi ya taa, kwa hiyo mgeni wenu mstaarabu akizima taa ya kibarazani kabla ya kulala, na kamera kailaza. Umeme ukikatika inazima, ruta nayo inazima, na hata ukiwa na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta, kamera zenyewe ziko kila moja kwenye soketi yake huko nje. Kamera za waya zinachota umeme sehemu moja, ndani kwako, iwe ni boksi la pawa saplai au swichi ya PoE inayopitisha umeme na picha kwenye kebo hiyohiyo ya mtandao. Kamera nne pamoja na DVR, yaani boksi la kurekodia lenye diski ndani, usiku zinakula kama wati 40 hivi. Betri ya inverta ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200, tumia nusu tu ili usiiue, unapata saa 15. Yaani mtaa mzima giza, LUKU imeisha, wewe unarekodi mpaka asubuhi. Na wezi wetu wanalijua hili la umeme, wengi hawana haja ya utaalamu wowote, wanatafuta swichi kubwa ya nje wanaishusha, basi.

Lakini hilo la umeme siyo linaloniuma sana. Linaloniuma ni ushahidi unakaa wapi.

Jirani yangu alifunga balbu yake kwenye nguzo ya geti, mahali pazuri kabisa, inaona barabara yote. Alikuja mtu saa tisa usiku, akapanda, akaizungusha mara tatu kama unavyotoa taa iliyoungua, akaitia mfukoni. Memori kadi ya GB 64 iko ndani ya kamera. Video ya mwizi anavyokuja, sura yake, alivyoparamia ukuta, vyote kaondoka navyo mwenyewe. Jirani alibaki na picha moja iliyowahi kuingia kwenye simu, kofia, tena kwa juu. Sasa hebu fikiria, umenunua kitu cha kumshika mwizi na hicho kitu ndo kinakuwa kitu cha kwanza kuibiwa, na ushahidi tumboni.

Najua nitaambiwa kuna klaudi, yaani video inatumwa kwenye intaneti na kuhifadhiwa huko. Haya tupige hesabu, mi napenda hesabu hii. Kamera moja ya picha ya kawaida inayotuma megabiti 2 kwa sekunde inafikisha GB 21.6 kwa siku. Kwa mwezi ni kama GB 650. Hiyo ni kamera moja! Nani ana bando la hivyo kwa ajili ya kuangalia kuku wakivuka uwanja. Ndo maana hizi kamera hazipeleki kila kitu, zinapeleka vipande vifupi pale zinapoona kitu kinatembea, na kipande kinataka intaneti iwepo dakika ileile. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ikawa inasuasua siku kadhaa hata WhatsApp ikawa ya kubembeleza? Kuna watu huo muda wote kamera zao zilikuwa mapambo. DVR haijui hata kama bando lako limeisha. Diski ya TB 1 inabeba kamera nne za kiwango hichohicho siku 11 hivi bila kulala, halafu inafuta za zamani na kuendelea.

Ndiyo, DVR nayo inaibiwa, mwizi akiingia ndani anaibeba akidhani deki. Ila hapo keshavunja mlango na kamera nne zimemuona, na wewe hukutakiwa kuiweka chini ya tivii. Weka kabatini, chumba cha kulala. Usiiweke darini chini ya bati, lile joto la mchana litaiua diski.

Kuna na suala la mawimbi. Waifai inapita kwenye ukuta wa tofali za inchi sita, inapita kwenye zege lenye nondo, inafika kwenye geti la chuma imechoka, njiani inagombana na ruta za majirani, hasa ukiwa Sinza au Kariakoo ambako kila mlango una ruta. Na inaweza kuvurugwa makusudi, mwanzoni mwa 2024 polisi wa Edina kule Minnesota, Marekani, walisema wanashuku wezi walikuwa wanatumia vifaa vya kuziba mawimbi kabla ya kuingia majumbani. Huku kwetu, kama nilivyosema, swichi ya nje inatosha. Kebo ya mtandao inaenda mpaka mita 100 bila shida, na viwanja vyetu vingi havifiki hapo.

Sasa kwa nini waya ina jina baya? Sababu ninazoziona mimi karibu zote zinaanzia dukani. Unauziwa kebo unaambiwa kopa, kumbe ni alumini iliyopakwa kopa juu. Mchana kamera inaonesha vizuri, ikifika usiku taa zake za infraredi zinawaka, zinavuta umeme zaidi, volti inashuka njiani, kamera inazimika. Mtu anaona kamera inafanya kazi mchana tu anasema hizi kamera za waya takataka. Kigamboni na Bagamoyo chumvi inakula viunganishi vya nje visivyofungwa vizuri. Panya darini wanafanya yao kama waya haikuingizwa kwenye paipu. Na radi, hapa kweli waya ina hasara yake yenyewe, siyo ya fundi, ikipiga karibu inasafiri kwenye kebo mpaka kwenye DVR, kwa hiyo ethi nzuri, ile waya ya kupeleka umeme ardhini, na kinga ya radi siyo anasa.

Wala waya siyo kinga ya kila kitu. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR kibao duniani kwa sababu watu waliziacha na nywila za kiwandani, Oktoba ile zikatumika kuangusha tovuti kubwa kubwa, na nyingi kati ya hizo DVR zilikuwa za waya kama yangu. Fundi akimaliza, nywila badilisha mbele yake.

Wapo watu ambao mimi mwenyewe ningewaambia wachukue waifai bila kufikiri. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita, mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani, huyu atatoboa wapi? Mwenye shamba Kisarawe ambako hakuna umeme, kamera ya sola yenye laini ndo mkombozi wake. Anayetaka kuangalia mtoto na dada sebuleni mchana, kamera ya waifai inamtosha kabisa. Na nyumba iliyokwisha, jipsamu limefungwa, tailizi zimepangwa, sitakudanganya, kulaza waya hapo ni maumivu na ni hela.

Ila wengi tuliokuwa kwenye kile kikao tunajenga au tunamalizia, kuta bado hazijapigwa plasta. Kwa mtu wa hivyo paipu kwenye kona nne za nyumba na moja mpaka kwenye geti ni kazi ya siku moja, hata kama kamera zenyewe utanunua mwakani, halafu ukitaka utaongeza na za waifai ndani. Geti na mahali pa gari ningeweka waya.

Jirani yangu hajashawishika. Jumamosi kanunua balbu nyingine, kaifunga juu zaidi, na safari hii ngazi kaiingiza ndani.