Mizani au Macho: Bei ya Ng'ombe Kutoka Mnada wa Kijijini Hadi Pugu

Katika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, mnunuzi mzoefu hamkawizi ng'ombe. Humpapasa shina la mkia, akabonyeza mbavu na nyonga kutafuta mafuta, kisha akamfunua mdomo na kuhesabu meno, kwa kuwa jozi ya kwanza ya meno ya kudumu huota mnyama akiwa na umri wa miaka 2 hivi na mdomo hujaa baada ya miaka 4. Hapo ndipo anapotaja bei. Serikali kwa upande wake imekuwa ikihimiza mifugo iuzwe kwa uzito hai, yaani kwa mizani, na wachuuzi wengi wameupokea wito huo kwa shingo upande.

Wanaotetea macho si watu wa kupuuzwa. Chukua ng'ombe wawili wenye kilo 250 kila mmoja: maksai kijana aliyenona, na jike aliyezeeka ambaye tumbo lake limejaa majani. Mizani itawasoma sawa, lakini machinjioni Vingunguti watatofautiana vibaya sana. Zebu, yaani ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, hutoa nyama isiyofika nusu ya uzito wake au inayoizidi kidogo tu. Kinachobaki ni ngozi, kichwa, kwato, na tumbo pamoja na vilivyomo. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 30 kwa mkupuo, na kila lita ni kilo, kwa hiyo atakayemlisha chumvi na kumnywesha kabla ya kupima atauza maji kwa bei ya nyama. Kinyume chake, aliyeshuka kwenye lori baada ya safari ya karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga ameshapoteza uzito, na akipimwa papo hapo mwenye mali ndiye anayeumia. Mkono unaopapasa mgongo hauhadaiki kwa urahisi hivyo.

Tatizo ni kwamba ujuzi huo hauko kwa wote. Mchuuzi hushika makumi ya ng'ombe kila wiki na anajua bei ya Dar es Salaam ya jana. Mfugaji huuza wawili au watatu kwa mwaka, mara nyingi kwa sababu kuna ada ya shule au mgonjwa nyumbani. Ametembea na mnyama wake tangu alfajiri, na kumrudisha zizini bila kuuza ni hasara nyingine. Tuseme amepunjwa kilo 30 za uzito hai. Hizo ni takriban kilo 15 za nyama, na iwapo bucha inauza kilo kwa shilingi 10,000, ni shilingi 150,000 zilizomponyoka kwa ng'ombe mmoja. Hata tukiondoa usafiri, ushuru na faida halali ya kila mkono uliopita hapo katikati, kinachobaki si kidogo kwa familia hiyo.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapoanza mjadala wa mizani na Pugu. Pale wanaokutana kwa kawaida ni wafanyabiashara wawili, jicho kwa jicho. Mizani inahitajika zaidi katika minada ya awali, kule vijijini, ambako mfugaji mwenyewe ndiye anayeuza. Nakiri kwamba si kazi nyepesi: mizani bila uzio na kibanio cha kumtuliza mnyama haisomi sawasawa, Wakala wa Vipimo lazima waihakiki, na ikigeuzwa kuwa kisingizio cha ushuru mpya, wachuuzi wataacha mnada na kununua njiani, ambako mfugaji hana shahidi. Pale ambapo mizani haijafika, utepe wa kupima mzunguko wa kifua hutoa makadirio ya kuridhisha, na hauhitaji umeme.

Wala sioni sababu ya uzito kuwa bei. Mnyama apimwe, uzito usomwe kwa sauti na kuandikwa, kisha watu wapatane kama walivyozoea, huku meno, afya na mafuta vikipewa nafasi yake. Dalali atakaposema, "Mzee, huyu hafiki kilo 200," mzee awe ameshika karatasi yenye muhuri wa mnada, inayosomeka 240.