Drafti iliyonivalisha dera

Naishi Columbus, Ohio, kibarua changu cha ghalani, na futiboli ya Kimarekani nimeanza kuielewa juzijuzi tu, ila Aprili 2025 nikajiona mchambuzi kabisa. Wiki tatu nzima nalala na simu kifuani nasikiliza watabiri wa drafti ya NFL, ligi kuu ya mchezo huo, maana huku timu 32 zinachukua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi 7, na kabla ya siku yenyewe kila mwenye tai na maikrofoni anakupangia nani anaenda wapi utadhani amelala chumba kimoja na makocha.

Mama yuko Tanga, nikampigia nikamwambia nasubiri drafti. Akaguna. "Yaani umevuka bahari yote hiyo kwenda kucheza drafti? Kete si zipo hapa barazani?" Nikamwambia mama, hii nyingine.

Habari ya mjini ilikuwa Shedeur Sanders, kwotabeki (yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) wa chuo cha Colorado, mtoto wa Deion, nyota wa zamani wa mchezo huu. Mel Kiper, mtabiri wa TV ya michezo ya ESPN, alimweka namba 5 kati ya wachezaji wote, wengine wakasema timu ya Steelers inamsubiri kwenye zamu namba 21. Mimi nikabeba kama nilivyopewa. Na huyo huyo Kiper mwaka 2010 alisema kwotabeki mwingine, Jimmy Clausen, asipofanikiwa anaacha kazi, Clausen hakufika popote na mzee bado yupo kwenye TV, lakini hilo nililijua baadaye, nikiwa nimeshaumia.

Basi kazini, saa ya msosi, nikachukua boksi nikachora timu na mishale kwa makapeni, nawafundisha watu. Mzee mmoja wa Bukavu anatafuna zake tu. "Mdogo yangu, na wakimuacha?" Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Nikasema asipotoka raundi ya kwanza napikia zamu nzima pilau.

Alhamisi usiku, raundi ya kwanza, tumejazana kwangu. Kwotabeki Cam Ward namba moja, sawa, hilo hata kipofu alijua. Kila timu ilikuwa na dakika 10 za kuchagua, mimi kila dakika 10 nina sababu mpya. Timu ya Giants wamempita Shedeur namba 3? Wanaficha makucha. Ikafika 21, nikasimama kabisa kama napokea cheti, Steelers wakamchukua jamaa wa ulinzi anaitwa Derrick Harmon. Namba 25 Giants wakarudi kuchukua kwotabeki, moyo paa, kumbe Jaxson Dart. Wife akapita na beseni la nguo akauliza, "Mchele kilo ngapi?"

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema Ijumaa hachomoki, nikapandisha dau, mbuzi mzima. Ijumaa, raundi ya pili na ya tatu, wakatoka kwotabeki wengine, Shough, Milroe, halafu namba 94 Browns, timu ya hapa hapa Ohio, wakachukua kwotabeki, nikaruka juu ya kochi napiga kelele jina la Shedeur kabla halijasomwa. Likasomwa Dillon Gabriel. Nimo hewani bado. Nilitua kwenye sinia la maandazi.

Na bado mdomo haukufunga jamani! Nikatangaza Jumamosi raundi ya nne asipotoka navaa dera la wife. Wife yupo palepale, hakupinga, alienda kulipiga pasi.

Raundi ya nne ikaisha kimya. Raundi ya tano ndiyo kwanza imeanza, namba 144, Browns hao hao wanamchukua Shedeur! Nikashangilia peke yangu, "Nilisema atachukuliwa, nilisema!" Mzee wa Bukavu akaniangalia kwa huruma kama mgonjwa. "Na ule mbuzi iko wapi?"

Mbuzi nilimnunua kwenye bucha la Wasomali, bei siitaji maana wife anasoma hapa. Jumapili iliyofuata nipo uani nageuza nyama, dera la zambarau lenye maua limeishia kwenye magoti, upepo unalipeperusha upande wa jiko nalishika kwa mkono mmoja koleo mkono mwingine, majirani Wamarekani wananipungia kwa heshima, nadhani walijua ni vazi la sikukuu ya kwetu. Mzee ameshika paja anasema limekosa chumvi.

Mama akapiga video. Nikasahau nimevaa nini, nikapokea. Alininyamazia muda mrefu, akasogeza simu karibu na miwani.

"Mwanangu, hiyo drafti yenu umeliwa kete ngapi?"

"Zote, mama."